Tumbo Lililokatwa Haliingii Jeshini

Wewe ambaye gazeti la wiki iliyopita ulifungiwa samaki wadogo wa sambaza kabla hujalisoma, nakupa habari kwa ufupi.

Naitwa Jumaine, mtoto wa mtaa wa Mabanga, hapa Goma. Babu zangu walitoka Maniema na biashara ya vitenge, na kwetu watu wanakula vizuri. Mimi niliwapita wote kwa kula, hadi nikafika kilo mia na arobaini na wenye pikipiki wakaanza kunikataa.

Kaka yangu Nuhu alikuwa askari. Kila alipopata ruhusa ya kuja nyumbani alinicheka kwamba jeshi zima halina suruali ya kunizunguka. Kisha akafa vitani Kalengera, kwenye barabara ya Rutshuru, na hatukuletewa hata kiatu chake.

Hapo ndipo nilipotaka jeshi. Nilijua ipo siku litarudi Kalengera kuwaondoa waasi, na mimi nilitaka kuwa ndani yake, nimtafute ndugu yangu, nimsalie na nimzike. Dada yangu Farida, aliyeolewa Kampala, alinipeleka kwa madaktari wa huko. Walinitoboa vitundu vitano tumboni, wakaingiza vyuma vyao, wakakata tumbo langu la chakula na kuniachia kipande chenye ukubwa wa ndizi moja.

Nyumbani nilisema naenda kufuata vitenge. Rafiki mmoja wa Nuhu kambini alikuwa amekwisha kunionya: mtu aliyepasuliwa tumbo jeshi halimchukui, kwa hiyo funga mdomo. Nikaufunga. Nikarudi Goma, na kilo zikaanza kuniacha.

Nilichosahau ni kwamba hapa kwetu mtu hakondi bure. Ukikonda, ama una virusi, ama umepewa karuho. Karuho ni ile sumu ya polepole: mtu anakutilia kwenye sahani au kwenye glasi, halafu unakauka mwezi baada ya mwezi hadi unakwisha. Mtaa ulichagua karuho. Na penye karuho lazima awepo aliyeitia.

Walimpata bila kuhangaika. Ni Mama Mukabalisa, mjane anayeuza chakula kwenye malewa yake, kibanda cha mbao hatua chache kutoka kwetu. Nilikuwa mteja wake wa asubuhi, mchana na jioni, na ghafla wakaniona sikai tena kwenye benchi lake. Wakasema: ameshajua aliyemtenda, anamwogopa.

Ukweli ni kwamba huyo mama ndiye mtu pekee wa Mabanga aliyejua habari ya Kampala. Niliporudi sikuweza kumeza kitu kigumu. Yeye alinipikia uji mwepesi wa mtama, akanipitishia mlango wa nyuma, na akaapa kwa Mungu wake kwamba siri yangu haitatoka kinywani mwake. Isitoshe, ni mtu wa Kalengera. Alikimbia vita, akalala kambini Mugunga, kisha akapanga kwetu. Ndiye aliyeniambia kwamba watu wa kijiji chake walizika askari nyuma ya migomba kabla ya kukimbia, na kwamba siku barabara ikifunguka atanionyesha mahali.

Kuna jambo sijawahi kuliandika humu, na leo nitaliandika hata mkinicheka. Tangu nitoke Kampala, Nuhu anakuja ninapokula.

Anakuja mchana kweupe. Anakaa upande wa pili wa sahani na kombati yake, bila mkanda, miguu mitupu. Haongei. Mimi nashiba haraka, nasukuma sahani, na yeye anabaki anaitazama. Mama akija kuondoa vyombo anafurahi, anasema leo umemaliza chakula chote. Mimi najua sikumaliza.

Namwogopa ndugu yangu. Nilimpenda kuliko mtu yeyote, na namwogopa.

Sasa tuendelee.

Jumatatu mama aliniletea mtapishaji. Wenyeji wanajua kazi hiyo: ukishukiwa kuwa na karuho unanyweshwa dawa chungu ya majani, unatapika, na sumu inatoka. Aliyekuja anaitwa Muzee Shukuru, mtu mpole mwenye kidumu cha njano na beseni lake mwenyewe. Shangazi yangu Asumini alikuwepo, na wanawake wa jirani walikuwa wamejaa uani kana kwamba kuna msiba.

Nilimwambia mama kwamba siumwi. Alilia. Alisema amekwisha kupoteza mtoto mmoja bila kuona mwili wake, hawezi kupoteza wa pili akimwona kila siku anavyopungua. Nikakaa kwenye kigoda, nikapokea kikombe.

Mtu wa kawaida anakunywa hadi kidumu kinashuka. Mimi kikombe cha kwanza kilijaza nafasi yote niliyo nayo. Cha pili kiliingia na kurudi hapohapo, na nilitapika kwa maumivu ambayo siwatakii hata waliomuua Nuhu. Nilihisi ile mishono ya ndani inavutwa. Muzee Shukuru alikoroga beseni kwa kijiti, akainua kitu cheusi chenye ukubwa wa harage.

"Njo yenyewe," alisema taratibu. "Muangalie."

Wanawake wakavuta pumzi. Mama alishika kichwa. Mimi nilikitambua kile kitu mara moja: kilikuwa kidonge changu cha kuongeza damu, nilichokimeza alfajiri kwa amri ya daktari wa Kampala, na kilikuwa hakijayeyuka.

Shangazi Asumini hakusubiri. Akalitaja jina la Mama Mukabalisa kwa sauti iliyofika barabarani, akasema kwamba mtu anayetoka upande wa waasi hawezi kukosa kazi aliyotumwa. Kumbuka wakati huo ulikuwaje: barabara ya Sake ilikuwa inafungwa, mabomu tunayasikia, na kila mtu anatafuta wa kumlaumu.

Sentensi moja ingetosha. Mama, hiki ni kidonge, nilipasuliwa. Niliitafuta ile sentensi na nilikuwa nayo mdomoni. Lakini siku ya kupimwa jeshini ilikuwa Alhamisi, na katika ua uliojaa midomo namna ile siri yangu ingefika kambini kabla yangu. Nikajifuta mdomo, nikanyamaza. Nuhu alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, anaangalia beseni.

Jumatano nilipita nyuma kwa Mama Mukabalisa. Masufuria yalikuwa yamejaa mchana ule, na benchi tupu. Alinieleza bila kulalamika kwamba watu wameacha kula kwake, kwamba wametupa mawe juu ya bati, kwamba mwenye nyumba amemwambia atafute pengine. Tulijua wote wawili kwamba mambo hayaishii kwenye mawe. Katika mtaa mwingine wa mji huu mwanamke alichomwa na tairi kwa maneno madogo kuliko haya.

Alinimiminia uji kwenye kikombe kidogo, akakaa mbele yangu.

"Niliapa mbele ya Mungu, Jumaine," alisema. "Miye sitasema ile opération yako. Lakini wee mwenyewe useme. Ambia mama yako. Ye atakusikia, na bale bengine batanyamaza."

Nilimwomba asubiri nipite kwanza visite, ule upimaji wa jeshi. Nikishapita, nilimwambia, nitasimama katikati ya barabara na kumweleza kila mtu. Akasema sawa, niende nipite, kisha nitasema. Alinipa na ndizi ya kuiva ya kula njiani, akijua nitaitafuna siku nzima.

Alhamisi nilikuwa kwenye uwanja wa jeshi pamoja na vijana wengine wengi, tumevua mashati, tumepangwa kwenye jua. Walinipima: kilo sabini na tisa. Aliyeshika mizani hata hakunitazama. Mimi nilitaka kulia, kwa sababu maisha yangu yote mizani ilikuwa inawachekesha watu, na leo haikumchekesha mtu. Walitukimbiza, nikakimbia. Walituinamisha, nikainama. Mbele palikuwa na meza ya muuguzi kijana anayeitwa Cédrick, na mbele yangu mtu mmoja tu.

Huyo wa mbele alikuwa na kovu la ngiri chini ya kitovu. Cédrick alilibonyeza kidogo, akamwambia avae shati lake.

"Tumbo yenye ilikatwa haiingiake mu jeshi," alimwambia. "Kule pori unakula mara moja, mbio mbio, kisha unakaa siku mbili bila kitu. Utatukufia adui hata hajakuona. Inapte."

Yule kijana aliyeambiwa hafai aliomba, akapiga magoti. Walimtoa.

Nasema kweli tupu hapa: Cédrick alikuwa na haki. Mimi nikila mbio natapika, na nikikosa vidonge vyangu kwa juma zima macho yanaona giza. Mtu kama mimi porini ni mzigo kwa wenzake. Nilijua hilo, na bado nilisogea mbele.

Ngozi ya tumbo langu inaning'inia, maana mwenye nyumba alihama. Cédrick aliivuta, akaona vile vikovu vitano, vidogo, vimetawanyika. Alivihesabu kwa kidole. Hakufikiria upasuaji, kwa kuwa upasuaji anaoujua yeye unaacha mstari mrefu. Akainua kichwa na kumwita adjudant, mkubwa wake.

Adjudant Akonkwa alikuwa mtu wa makamo, mkimya, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Aliinama, akagusa kovu moja moja.

"Hizi ni chale," alisema. "Ni nani alikuchanja? Uko wa kundi gani?"

Hapo nilielewa anachoshuku. Wako wapiganaji wa misituni wanaochanjwa hivyo na waganga wao ili risasi zisiwaingie, na jeshi linapokuta chale kwa kijana lisiyemjua linaanza kuuliza ametumwa na nani. Askari wawili wenye bunduki walikuwa wamekwisha kusogea nyuma yangu. Vijana wa mstari wakarudi hatua kadhaa.

Sikiliza vizuri, msomaji, ili usije kusema nilikuwa sina njia. Ukweli ungenitoa pale salama. Ningesema nilipasuliwa Kampala, wangenipigia Farida simu, wangeniandikia inapte na kunifukuza, na jioni ningekuwa nyumbani nikimwambia mama maneno hayohayo, na Mama Mukabalisa angelala kwa amani. Ukweli ulikuwa unamfaa kila mtu. Ungeninyima jeshi tu.

Niliangalia upande wa wale waliokwisha kupita. Walikuwa wamechuchumaa chini ya ukuta, wanacheka. Mwishoni mwa mstari wao alichuchumaa mmoja asiye na viatu.

"Mon adjudant," nilisema, "miye nilipewa karuho. Banganga balinichanja juu ya kutosha sumu itoke mu mwili."

Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutoka kinywani mwangu. Mtaa mzima ulikuwa umelisema, mama alikuwa amelisema, mimi nilikuwa nimenyamaza tu na kujidanganya kwamba kunyamaza si kusema.

Uso wa Akonkwa ulibadilika. Aliwaashiria wale askari warudi nyuma. Akaivuta tena ngozi yangu, safari hii kwa upole, akaniuliza nilikuwa na kilo ngapi zamani. Nilipomjibu, alitikisa kichwa. Alituambia kwamba yeye ni mtu wa Bukavu na karuho anaijua: mdogo wake ilimmaliza hadi wakawa wanambeba kwa mkono mmoja kumpeleka nje kuota jua. Waganga walimtapisha, wakamchanja, haikusaidia. Alimzika yeye mwenyewe.

"Huyu alipona," alimwambia Cédrick. "Unaelewa? Mutu mwenye alipona karuho ni mutu wa nguvu. Andika apte."

Cédrick alinitazama. Nadhani kuna kitu kilimkaa vibaya, maana kalamu yake ilisita. Lakini nani atabishana na adjudant anayemlilia mdogo wake? Akaandika.

Nilikuwa nimepita. Nilivaa shati langu kwa furaha, nayaandika haya kwa aibu, lakini ilikuwa furaha. Nikapiga hatua kwenda kwa wenzangu chini ya ukuta.

"Ngoja," Akonkwa aliniita. "Ni nani alikupatia?"

Nikasema sijui. Akasema aliyepona karuho daima anajua, na kama namficha jambo dogo kama hilo, jeshini nitaficha makubwa, heri afute sasa hivi. Alimnyooshea Cédrick mkono ampe karatasi yangu. Sauti yake haikuwa ya kutisha. Ilikuwa ya mtu anayetaka kunisaidia.

Nikamwambia ni mama mmoja wa malewa, Mabanga.

Akaniuliza jina, nikalitaja. Akaniuliza ni mtu wa wapi, nikasema Kalengera. Sikupigwa, sikushikwa shingo, hakuna aliyeninyooshea bunduki. Nilijibu kama mwanafunzi anayejibu mwalimu wake.

Nilipotaja Kalengera, wale wanajeshi wa meza ya pili waliacha walichokuwa wanafanya. Kalengera ilikuwa mikononi mwa waasi. Mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba sasa wanawatilia vijana wetu sumu kabla hawajaingia kambini. Nikaona ugomvi wa wanawake wa uani unageuka kuwa jambo la vita mbele ya macho yangu. Nilitaka kurudisha maneno yangu. Nilianza kusema pengine nimekosea, pengine ni mwingine, lakini Akonkwa alinishika bega.

"Usiogope tena," aliniambia. "Uko wetu sasa. Panda jeep, utuonyeshe nyumba."

Hiyo ndiyo ilikuwa amri yangu ya kwanza jeshini.

Nilipanda. Askari wanne walikaa nyuma pamoja nami, magoti yakigusana. Kati ya wawili wa mbele yangu kulikuwa na nafasi finyu ambayo mtu mzima asingeenea, na Nuhu alikuwa ameketi hapo. Tangu aanze kunijia hakuwahi kunipa mgongo. Siku hiyo alinipa mgongo njia nzima, na nilimwita kwa jina lake mbele ya watu hadi askari mmoja akaniuliza naongea na nani.

Jeep ilipoingia Mabanga, watu waliacha mizani na meza zao wakatufuata. Wengine walinitambua, wakapiga makofi. Shangazi Asumini alikuwa mbele kabisa, kitenge kimemlegea kiunoni, anawaonyesha wanajeshi njia ambayo mimi nilitakiwa kuionyesha.

Mama Mukabalisa alikuwa anaosha sahani mbele ya malewa yake. Aliona bunduki, akasimama, na sahani ikamponyoka. Alirudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa mbao. Kisha akaniona mimi nikishuka.

Uso wake ulifunguka. Alipangusa mikono kwenye kitenge, akamshukuru Mungu kwa Kinyarwanda, akatembea moja kwa moja kuelekea kwangu kati ya askari wote wale. Alifikiri nimekuja kumtetea. Alifikiri nimewaleta wamlinde.

Akonkwa alimzuia kwa mkono, akamuuliza kama ananijua.

"Namujua," alisema Mama Mukabalisa. "Ni miye namulishaka, tangu siku alitoka..."

Akakatisha. Nilimwona anaiuma midomo.

"Alitoka wapi?" aliuliza Akonkwa. "Na juu ya nini alikonda vile?"

Watu wote walisogea kumsikiliza. Neno moja, Kampala, na angekuwa mtu huru, na mimi ningefukuzwa jeshini mbele ya mtaa mzima. Alinitazama. Nilitaka aliseme. Wallahi, nilitaka anitoe katika shimo nililojichimbia, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa sina nguvu.

"Sijue," alijibu.

Umati ulipiga kelele. Jiwe lilipita juu ya vichwa vyetu na kugonga bati. Mtu aliuliza kama kuna petroli. Akonkwa aliwaamuru watulie, akawa anamtazama yule mama kama mtu aliyekwisha kupata jibu lake, lakini Mama Mukabalisa hakuonekana kuwa na hofu tena.

"Muulizeni ye mwenyewe," alisema kwa utulivu. "Visite yake imeisha. Aliniahidi kisha visite atasema yote mbele ya watu. Miye nilishika neno langu. Ye naye atashika yake."

Akonkwa akanigeukia.

"Umeisha kupita, askari. Sema mbele ya hawa watu. Ni huyu?"

Mama yangu alikuwa amefika, amesimama mlangoni kwetu, mkono mdomoni. Mama Mukabalisa alisogea hadi nikasikia harufu ya maharagwe mikononi mwake, akanitikisia kichwa kunitia moyo.

"Sema, mutoto yangu," aliniambia. "Usiogope."